Msiba wa Cheche huko Uzitoni

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, na mwenye simu aizime, maana habari ninayoileta inatoka katika nchi ambayo kucheka ni kosa, na mimi nikikatizwa huwa nacheka. Habari yenyewe ni ya Lushinge, mtafsiri wa filamu. Mnamjua mtu wa kazi hiyo. Anakaa kando ya televisheni kwenye kibanda cha video, kipaza sauti mdomoni, na steringi, yule shujaa wa filamu, akinong'ona neno moja la kigeni, yeye anamwaga kapu zima la Kiswahili. Bila yeye watu wangeona midomo inacheza tu, wakarudi nyumbani kulala.

Alifikaje Uzitoni? Usiniulize. Wasimulizi wa safari za namna hii hawajawahi kueleza njia, na mimi siwezi kuwa wa kwanza kuharibu utaratibu. Itoshe kwamba siku moja alijikuta mpakani, mbele ya meza ya afisa mmoja aitwaye Kisirani, mwenye uso kama wa mtu aliyeonja ndimu akasahau kuutengeneza tena. Afisa huyo hakumuuliza jina wala hati ya kusafiria.

"Una msiba gani?" aliuliza.

Lushinge akajibu kwamba anashukuru, hana msiba, nyumbani wote wazima na mama yake juzijuzi tu ameanza kufuga bata. Kisirani akamtazama kwa huruma. Akamweleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba Uzitoni haingii mtu mwepesi. Mtu asiye na msiba hana uzito, na asiye na uzito hana la kuambiwa wala la kuambia wengine. Huku watu hawaulizani habari za asubuhi, wanaulizana wamepoteza nani. Lushinge akajikuna kichwa, akapekua ukoo mzima, mwishowe akakumbuka babu yake mzaa baba aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Kisirani akataka kujua kama alilia. Akasema hakuwahi. Afisa akafikiri kidogo, akakubali kwamba msiba huo ni hafifu, ila kwa mgeni utatosha.

Kwa kuwa foleni haikuwepo, Kisirani akaendelea kumpa mawaidha. Alisema Uzitoni inasifika kwa kumheshimu marehemu. Aliye hai anaweza kuomba maji ya kunywa akanyimwa mpaka jioni, lakini akishafariki, wosia wake hauvunjwi, hata uwe wa ajabu namna gani. Alikuwepo mzee mmoja aliyeacha wosia kwamba mbuzi wake apewe kiti katika Baraza la nchi. Mbuzi akapewa. Yupo mpaka leo, hajawahi kucheka hata mara moja, na wengi wanamwona ndiye mjumbe makini kuliko wote. Lushinge aliuma mdomo wa chini, akaaga, akaingia nchini.

Mji mkuu aliukuta umefunikwa. Simaanishi umefunikwa na wingu au ukungu. Ulifunikwa kwa maturubai meusi, yameshonwa pamoja na kufungwa juu ya nguzo toka mwanzo wa mji hadi mwisho, ili saa sita mchana pawe giza. Serikali ilikuwa imegundua kwamba jambo likitendeka gizani huonekana la maana zaidi. Muuza vitumbua aliyekuwa akidharauliwa juani, sasa chini ya turubai alionekana mtu mwenye siri nzito. Isipokuwa watu walikuwa wakigongana sana. Kila kona ulisikia "pole", "pole na wewe", na kwa kuwa hilo lilifanana na kupeana rambirambi, wakuu walifurahi, kwa kadiri walivyoruhusiwa kufurahi.

Kitu kingine, watu wote walitembea wameinamisha vichwa. Kuangalia juu kulikatazwa, kwa sababu anayeangalia juu huonekana ana matumaini, na matumaini hupunguza uzito.

Sasa nchi hiyo ililindwa na mashujaa. Hawa walikuwa watu wenye nguvu za kweli, wanaruka toka paa hadi paa na kuzuia gari kwa bega, sitaki kuwasingizia. Ila sheria iliwataka wavae nyeusi juu ya nyeusi, joho mpaka kisigino, na waseme kwa sauti ya kukoroma kooni, chini kabisa, isiyosikika vizuri. Shujaa aliyeongea akaeleweka alipunguziwa cheo.

Lushinge aliwajua ndani ya saa ile ile. Alikuwa anapita sokoni, akapapasa begi lake, halipo. Akamwona kijana analikumbatia anatokomea. Akapiga kelele za mwizi kama mnavyozijua. Basi bwana, toka juu kikashuka kitu kikubwa cheusi, kikatua mbele yao kwa kishindo na kukoroma. Lushinge hakungoja maelezo. Alitimua mbio. Na mwizi naye akatimua mbio, upande ule ule. Wakawa wanakimbia bega kwa bega, mwizi na mwibiwa, mmoja akijikwaa mwenzake anamshika mkono, mpaka mwizi akamwambia begi linamchelewesha, amsaidie kamba moja. Lushinge akamsaidia kubeba begi lake mwenyewe. Hofu haina heshima.

Walisimamishwa na rangi ya njano. Katika giza lile lote, mbele yao alisimama msichana wa kama miaka kumi na minne, amevaa koti la njano na viatu vyekundu, amenyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Shikamooni," alisema. "Msimame jamani, huyo ni wetu. Anasema hana ugomvi na mtu, anaomba tu begi lirudi kwa mwenyewe."

Mwizi akaachia kamba yake. Hata akaomba radhi. Na lile jitu jeusi likafika taratibu, likiwa limechoka, likakoroma tena, na msichana akasema, "Anauliza kama mmeumia."

Huyo ndiye Cheche. Na jitu ni Bwana Ngurumo, shujaa wa upande wa sokoni. Cheche alikuwa mpambe wake, yaani yule msaidizi mdogo anayefuatana na shujaa, na Ngurumo ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi angali mtoto wa kubebwa. Walimkaribisha Lushinge kwao chai, kwenye vyumba viwili juu ya duka la vyuma chakavu, na ndani humo, pamoja na giza, palikuwa na harufu nzuri ya mdalasini. Ngurumo alivua joho, akabaki na fulana yenye tundu begani, akakaa kwenye kigoda. Kila alipokoroma, Cheche alitafsiri huku akikaanga mihogo. Anauliza unatoka wapi. Anasema karibu sana. Anasema pilipili iko hapo, mimi nasema usiiguse, aliitengeneza mwenyewe.

Lushinge akafurahi mno. "Kumbe sisi ni watu wa kazi moja," alimwambia. Akaeleza habari za kibanda chake, na jinsi watoto wanaokaa mbele, chini, wakiona steringi anamwacha mpambe wake njiani, wanaanza kuuliza, yule mtoto yuko wapi? Na asiporudi, wanatoka mmoja mmoja kwenda kucheza mpira, wanamwachia steringi ukuta autazame.

Hapo Cheche akageuza mihogo. Akasema yeye ndiye mpambe wa mwisho Uzitoni. Mashujaa wengine wote wameshawaondoa wapambe wao. Baraza liliamua zamani kwamba mtoto mwenye koti la njano anamfanya shujaa aonekane kituko. Wapo wapambe waliofutwa, ikatangazwa hawakuwahi kuwepo. Wapo waliopelekwa mbali ili warudi wamekuwa na uchungu, wapigane na walezi wao, jambo ambalo Baraza linalipenda mno. Lakini wengi waliuawa kwa hati. Maana yake mpambe anatangazwa amefariki, linafanyika tanga huku mwenyewe ameketi pale, hotuba inasomwa, na neno buriani likishatamkwa amekufa kisheria. Kabla ya jioni anavushwa mpaka, asionekane tena. Shujaa wake anapata msiba wa daraja la kwanza na sanamu ya kuililia. Kesho yake, alisema Cheche, ni zamu yao kuitwa mbele ya Baraza.

Bwana Ngurumo akakoroma. Alikoroma kwa muda mrefu, huku ameutazama mkono wake, na Lushinge, ambaye masikio yake ndiyo riziki yake, hakuambulia hata silabi. Akamuuliza Cheche amesema nini.

"Hajasema kitu," Cheche alijibu. "Kunywa chai, inapoa."

Lakini aliligeuzia jiko uso wake, na mihogo ikaungua upande mmoja.

Kesho yake Lushinge alikwenda nao barazani, maana alishawapenda na hakuwa na pengine pa kwenda. Baraza liliketi katika ukumbi mrefu wenye taa moja ya buluu. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Kununa, mama mnene, nadhifu, mwenye sauti tamu ambayo aliiminya kwa bidii iwe chungu. Mkono wake wa kulia aliketi mbuzi, kwenye kiti chake, anatafuna ajenda.

Mjadala wenyewe ulikuwa wa adabu sana. Mjumbe mmoja akapendekeza Cheche apewe uchungu, aende zake, arudi adui. Wakamwomba aoneshe uso wa uchungu. Cheche akajaribu kwa moyo wote. Alikunja ndita, akabana meno, akahesabu moyoni mabaya yote aliyotendewa, na alipofikia pilipili ya Bwana Ngurumo uso ukamponyoka. Pendekezo likaanguka. Mwingine akashauri aongezewe umri kwa amri, apewe koti jeusi, aitwe mama mtu mzima. Kumbe koti jeusi la saizi yake halikuwepo nchini, na kulishona kungehitaji mwanga. Nalo likaanguka.

Lushinge, ambaye kwao mtu huomba tu nafasi akasema, aliomba nafasi. Akauliza mtoto huyu amekosa nini hasa. Mheshimiwa Kununa hakukasirika. Alimjibu kwa upole, na hilo nalihesabu kwake kama wema, maana angeweza kumtoa nje.

"Mgeni wetu," alisema, "tazama shujaa akisimama peke yake gizani. Watu wanaogopa, wananyamaza, wanaona hili ni jambo la watu wazima. Mweke mtoto mwenye viatu vyekundu pembeni yake. Mara moja mtu atauliza, mbona huyu mzee amevaa joho mchana? Tukimwacha mtoto ndani ya habari hii, watu watakumbuka kwamba habari yote ilianza kwa ajili ya watoto. Tutaficha wapi nyuso zetu?"

Ukumbi ukaafiki kwa kuguna. Lushinge alielewa kwamba amejibiwa kwa ukweli. Na hapo ndipo mjumbe mbuzi alipoimaliza ajenda, akapiga chafya, akaiangukia kofia ya mwenyekiti na kuanza kuitafuna. Lushinge akacheka. Hakucheka kidogo. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na mahali ambapo hapajachekwa kwa miaka, kicheko kinapiga ukuta kinarudi.

Askari wakamkamata palepale. Mheshimiwa Kununa alipomaliza kupangusa kofia yake, akatoa hukumu mbili kwa pamoja. Cheche atauawa kwa hati, tanga ni kesho saa nne asubuhi katika Uwanja wa Majonzi. Na mgeni huyu, kwa kuwa ana sauti nene inayofika mbali, adhabu yake ni kusoma hotuba ya maombolezo mpaka neno buriani. Akikataa, atasoma mtu mwingine, na yeye atakaa na mbuzi hadi ajifunze kutocheka.

Bwana Ngurumo akakoroma. Cheche hakutafsiri. Alichukua mkono wa yule mtu mkubwa, wakatoka.

Ulikuwa msimu wa mvua, na mvua ilinyesha siku ile mpaka kesho yake asubuhi. Uzitoni hakuna aliyejali, kwa kuwa chini ya turubai hapanyeshi. Sasa niwaambie, na nyie mna akili kuliko Baraza: maji yakinyesha juu ya turubai yanakwenda wapi? Yanakaa. Yanatafuta mahali palipolegea, yanajikusanya, na turubai linafanya tumbo. Katika nchi nyingine angetokea mama mmoja na ufagio, akalisukuma kwa chini maji yakamwagike pembeni. Huku hakuna aliyeruhusiwa kuangalia juu.

Saa nne watu walijaa uwanjani, vichwa chini. Mashujaa walisimama mstari mzima, weusi, kila mmoja na msiba wake. Marehemu aliketi mbele juu ya mkeka, amefunikwa shuka jeupe mpaka mabegani, amekatazwa kusema, kwa kuwa marehemu hasemi. Walisahau tu kumkataza kufanya kazi, basi alikuwa ananyoosha mkono toka ndani ya shuka na kupitisha vikombe vya kahawa kwa wafiwa waliokaa karibu.

Lushinge akashika kipaza sauti. Aliona wazi kwamba neno lake la mwisho ndilo litakalomfukuza mtoto huyu kwao, akaamua kulichelewesha. Na mtafsiri wa filamu, ndugu zangu, kama kuna kitu anakijua ni kujaza muda. Hotuba aliyopewa ilikuwa fupi, yenye maneno kama giza, kilio na upweke. Aliiacha pembeni. Akaanza kuwasimulia siku aliyokimbia na mwizi wake. Akasimulia jinsi walivyobeba begi pamoja, na lile koti la njano mbele yao. Mzee mmoja aliyeinama akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye, mwaka ule nyumba yake ilipoungua, alimkimbia shujaa akarudi ndani ya moto, na aliyemtoa kwa kumwita jina ni mtoto huyuhuyu. Mama mmoja akasema, na mimi. Mabega yakaanza kutikisika hapa na pale, na haikuwa kwa kilio.

Mheshimiwa Kununa akaliona hilo. Akasimama. "Buriani, mgeni," alisema. "Sasa hivi."

Lushinge akamtazama Cheche. Cheche akamwitikia kwa kichwa, kwamba sema tu, usijiponze. Basi akalisema, kwa sauti iliyovunjika, na macho yakamjaa machozi mbele ya watu wote, akiwa amemjua siku tatu tu. Buriani. Afisa Kisirani, aliyeletwa kumsindikiza marehemu mpakani, akapiga hatua mbele.

Hapo Bwana Ngurumo akakoroma.

Yeye ni mtu wa mapaani, sheria ya kuinama haijamwingia shingoni. Alikuwa ameangalia juu. Akakoroma tena kwa nguvu zaidi, akaonesha kidole, akapiga hatua kuelekea watu. Watu wakasema masikini, uchungu umemzidi, wakainama zaidi. Mashujaa wenzake wakavutiwa sana na huzuni yake, wakaanza kukoroma nao kumuunga mkono. Uwanja mzima ukavuma, na ndani ya mvumo ule nguzo moja ikalia kama mlango mbovu, hakuna aliyeisikia.

Lushinge hakuelewa neno. Lakini alimwona yule mtu anavyotetemeka, akajua kwamba steringi anasema jambo na kibanda kizima hakijui. Akafanya lile ambalo mtafsiri huona aibu kulifanya mbele ya wateja wake. Aliuliza. Alikipeleka kipaza sauti kwenye mkeka, mbele ya Baraza, mbele ya mbuzi na taifa zima, akamuuliza marehemu:

"Anasema nini?"

Cheche alishasimama. Shuka likaanguka, na koti la njano likawaka katikati ya giza lile. "Anasema turubai linashuka! Limejaa maji! Inueni vichwa mtazame! Njooni huku, upande wa sokoni, mnifuate mimi, wenye watoto mbele!"

Wakainua vichwa. Wakaliona lile tumbo jeusi limewaning'inia, wakaliona na koti, na miguu haikuhitaji mjadala. Watu walimiminika nyuma ya rangi ya njano. Mashujaa, ambao sasa waliambiwa kwa Kiswahili cha kueleweka wafanye nini, wakashika nguzo, huyu hapa, yule pale, Cheche akiwaelekeza kwa majina, kidogo kushoto, shikamoo, nyanyua hapo. Bwana Ngurumo akaishika ile nguzo iliyolia, akaibeba begani peke yake mpaka mtu wa mwisho alipotoka. Mtu wa mwisho alikuwa Mheshimiwa Kununa, amemkumbatia mbuzi. Kisha wakaachia, na turubai likashuka lote na maji yake, likavuta na kipande kilichofunika soko, likafanya bwawa pale palipokuwa na tanga.

Jua likaingia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi, na watu walisimama sokoni wamelowa, wanakodoa macho, wanaonana. Mashujaa ndio walioona haya zaidi. Kumbe yale majoho yalikuwa yamepauka zamani, mengine yana viraka vya kanga, na mmoja alikuwa amevaa la mkewe.

Hakuna aliyeumia. Lakini sheria ni sheria, na Baraza likakutana palepale, juu ya magunia ya mchele. Kisirani akataka kujua kama amchukue marehemu au amwache. Mjumbe mmoja akasema hati ifutwe. Mheshimiwa Kununa, kofia imelowa na nusu yake haipo, akakataa katakata. Alisema Uzitoni haijawahi kumrudisha mtu toka kwenye umarehemu, na haitaanza leo kwa sababu ya maji kidogo. Neno limetamkwa. Cheche amefariki.

Watu wakaguna.

Cheche ndiye aliyecheka. "Ni kweli, nimefariki," alisema. "Nakubali, siwagombezi. Ila sijaacha wosia. Naomba niuache sasa."

Kila mmoja alimtazama mbuzi, na mbuzi akawatazama wote. Mwishowe Mheshimiwa Kununa akasema kwamba wosia wa marehemu unasikilizwa.

Cheche akausema. Anataka abaki nyumbani, juu ya duka la vyuma chakavu, maisha yake yote ya umarehemu. Anataka upande wa sokoni usifunikwe tena, watu waone wanachonunua. Na wapambe wenzake waliovushwa mpaka, marehemu wote, nao waulizwe wosia wao, mmoja mmoja, maana hawakuulizwa.

Nadhani Mheshimiwa Kununa alikuwa anatafuta mahali pa kukasirikia, asipapate. Akamgeukia Bwana Ngurumo, akamuuliza, kwa mujibu wa utaratibu, kama mfiwa ana neno. Watu wote wakamtazama Cheche, wangoje tafsiri.

Bwana Ngurumo akavua joho na kofia yake ya kishujaa. Uso wake ulikuwa wa mtu wa kawaida tu, mwenye upara unaoanza. Alikohoa, akakwaruza koo, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi, na kila neno lilisikika mpaka kwa wauza samaki.

"Nililisema juzi wakati wa chai, naye hakutaka kulitafsiri, kwa sababu angelia. Nitalisema mwenyewe. Mimi sitaki uzito. Namtaka mwanangu."

Cheche alilia, ndiyo. Alilia kwenye ile fulana yenye tundu begani, mbele ya watu, na watu wakalia naye, na kwa kuwa kulia kulikuwa halali kabisa, hakuna aliyekamatwa. Wengine walikuwa wanacheka wakati huohuo, askari wakashindwa kuamua.

Lushinge alikaa nao siku chache zaidi. Utaratibu mpya ulikuwa hivi: Bwana Ngurumo, kama mfiwa wa daraja la kwanza, alitakiwa kumlilia marehemu kila asubuhi mbele ya sanamu yake. Sanamu haikuwa imemalizika, basi Cheche alisimama mwenyewe pale juu ya jiwe, mikono kiunoni, akimkumbusha asichelewe kazini. Watu wa sokoni walikuwa wanapita, wanatoa pole, wanampa marehemu andazi. Mashujaa wawili wakubwa, wenye misiba mizito, walionekana wakienda mpakani kimyakimya, wamebeba koti jipya mkononi, moja jekundu, moja la kijani, wakakaa huko wakitazama barabara.

Siku ya kuondoka, Lushinge alimkuta Kisirani kwenye meza yake. Meza ilikuwa imesogezwa juani. Uso ulikuwa uleule wa ndimu, ila ulikuwa unahangaika, kama kuna kitu ndani yake kinatafuta mlango. Akauliza, kama kazi ilivyomtaka, mgeni anatokea wapi.

"Natoka msibani," Lushinge akajibu.

Kisirani akachungulia huku na huku. Akainama mbele.

"Marehemu hajambo?"

"Hajambo kabisa. Anakusalimu."